Taa ya nje inayopenda mvua: shajara ya swichi za nyumba ya mama, Kitangiri

Jumamosi, 5 Julai

Naandika kila siku tunachofungua maana nikisema ntakumbuka, sitakumbuka, alafu dogo (mtoto wa mamdogo, yuko VETA mwaka wa kwanza umeme) anataka picha na maelezo ajifunzie.

Nyumba ni ya mama, Kitangiri hapa Mwanza, upande wa mawe, ile ambayo boda anakushusha barabarani anakwambia dada hapo juu malizia na miguu. Baba alijenga vyumba vitatu 1994, alafu 2009 akaongeza chumba cha uani na choo, na fundi umeme wa pili hakuwa yule wa kwanza. Kwa hiyo nyumba moja ina rangi mbili za waya, mbele ni nyekundu na nyeusi za kizamani, uani ni kahawia na bluu. Kila tukifungua kitu lazima kwanza tuulizane tuko kwenye nyumba ya fundi yupi.

Mpango wangu ulikuwa mdogo kabisa. Swichi saba, weekend moja, kwisha. Ya sebuleni ukiibonyeza inachachatika kama unakaanga dagaa, ya jikoni imeshakuwa ya manjano, mbili za koridoni hazielewani tangu nikiwa shule ya msingi, zingine ni uzee tu. Swichi nilinunua mjini jana. Nilichofanya dukani ni kuchukua mbili za bei tofauti nikaweka moja kila kiganja, moja nzito, moja kama kifuniko cha soda, alafu nikageuza nyuma nikajaribu kufunga skrubu na bisibisi ya muuzaji. Ile nyepesi skrubu inazunguka tu haikamati, na zote mbili zimeandikwa 10A 250V vilevile, sa maandishi hayana kazi hapo. Nikachukua nzito. Muuzaji akasema "zote zinawasha dada". Neno hilo limenifuata mpaka leo.

Asubuhi nilienda kumwomba babu wa nyumba ya chini. Ni fundi wa siku nyingi, ana leseni yake ya EWURA (wale wanaosimamia mambo ya nishati na maji), siku hizi kazi anachagua. Shikamoo babu, marahaba, nikaeleza. Akaniuliza swali moja tu, "nani atakuwa anashika bisibisi?" Nikasema mimi na dogo. Akatoa masharti: swichi tutabadilisha sisi yeye akiwa amekaa hapo hapo, ubao wa breka na mambo ya athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) atagusa mwenyewe, na mita ya LUKU hagusi mtu, hata yeye, ile ina mwenyewe.

Saa nne hivi hatujaanza, umeme ukakatika mtaa mzima. Dogo akashangilia, "twende kazi, hamna moto". Babu hata hakuinuka kwenye kiti.

"Nani kazima?"

"TANESCO."

"Basi TANESCO ndo anajua atawasha saa ngapi."

Tukakaa. Mi nikadhani ni uoga wa kizee, akaelezea nikaelewa. Kwanza unaweza kuwa umeshika waya umeme ukarudi. Pili, na hii sikuwahi kuifikiria, umeme ukiwa umekatika testa haiwaki popote, kwa hiyo huwezi kujua breka uliyozima ndo yenyewe au siyo, kila kitu kinaonekana salama kumbe hujapima chochote. Tunaonunua umeme kidogo kidogo tuna ugonjwa huohuo, yuniti zikiisha mtu anasema ngoja nibadilishe holda chap, mwingine yuko nje na simu anaingiza tokeni.

Ulirudi baada ya kama dakika arobaini. Ndo tukaanza kwa utaratibu wake: washa swichi ya sebuleni, pima na testa uone inawaka, nenda kazime meini swichi, bandika tepu nyekundu juu yake na dogo akae na funguo ya kile kiboksi mfukoni, rudi pima tena uone haiwaki, alafu (hapa ndo watu wanaruka) kapime testa yenyewe mahali penye moto uhakikishe haijafa katikati. Tulienda kuipimia kwa jirani kwenye soketi. Testa ile ya bisibisi yenye kataa kekundu babu haiamini sana, anasema inadanganya ukivaa viatu vizito au mchana jua likipiga usione inawaka, yeye anatumia mita. Lakini akaturuhusu tutumie zote mbili ili tuone tofauti.

Kufungua swichi ya sebuleni: kwanza lile vumbi jeusi. Si vumbi, ni vile vijidudu vya ziwani vinavyokuja jioni kama moshi, vimeingia kwa miaka vikafia humo, vimekauka ukivigusa vinakuwa unga. Na mjusi mmoja mkavu kama kalamu. Chini ya hayo yote skrubu ya laivu, waya unaoleta moto, imelegea, unaizungusha na ukucha. Kopa pale kwenye ncha imekuwa nyeusi na ganda la plastiki limelainika likagandia boksi. Hicho ndo kilichokuwa kinachachatika, waya haujakamatwa vizuri, umeme unaruka kaupenyo kadogo, pale panapata joto, joto linalegeza zaidi, inazidi. Swichi yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Tukakata ile sehemu iliyoungua mpaka tukafika kopa inayong'aa, bahati fundi wa 1994 aliacha waya wa kutosha ndani ya boksi, Mungu ampe umri. Ncha tukaikunja mara mbili maana tundu la swichi mpya ni kubwa, kaza, vuta kwa nguvu uone kama inachomoka. Dogo aliikaza akasema tayari, babu akavuta na vidole viwili ikatoka. Rudia.

Alafu dogo akaonyesha waya mweusi akasema "huu ni nyutro, hauna neno", yaani ule wa kurudishia umeme. Babu akacheka. Kwenye swichi ya kawaida hamna nyutro inayotakiwa kuwepo, laivu inaingia na inatoka kwenda kwenye taa, basi. Ule mweusi ndo unaorudi kwenye taa, ukiwasha una moto sawasawa na mwekundu, ni vile tu kebo ya zamani ilikuja na rangi hizo mbili fundi akatumia kilichopo. Alitakiwa auvishe tepu nyekundu. Tumeuvisha sisi, baada ya miaka thelathini na moja.

Swichi moja siku nzima. Mama akaibonyeza, ikawaka kimyakimya, akasema "si ilikuwa inawaka hata mwanzo?"

Jumapili, 6 Julai

Kanisani mpaka saa sita, kwa hiyo koridoni tu. Hizi mbili ni za kuwashia huku na kuzimia kule. Tangu utoto ukitaka taa ya koridoni iwake lazima swichi zote mbili ziwe zimelala chini, mtu akipandisha moja wapo basi wa upande wa pili abonyeze mpaka kesho. Sisi tulijua ndo zinavyotengenezwa.

Kumbe kila swichi ya aina hii ina matundu matatu, moja limeandikwa COM na mengine L1 na L2. Kwenye COM ya kwanza inaingia laivu, COM ya pili inatoka kwenda kwenye taa, zile L mbili ni nyaya mbili za kuzunguka kati yao. Upande wa chumbani kwa mama ule waya wa taa umewekwa kwenye L1 na wa kuzunguka umewekwa COM. Waya mmoja nyumba jirani, ndo hilo tu. Tumezima, tumepima, tumepiga picha kabla ya kugusa (usipopiga picha utajuta), tumebadilishana hizo mbili, dakika kumi na tano.

Mdogo wangu wa kiume yuko Dar, nikampigia video nikamwonyesha nawasha huku nazima kule. Akasema acha utani.

Jumatatu, 7 Julai (Sabasaba)

Chumba cha uani. Huko kuna globu ya LED ambayo ukiizima haizimiki vizuri, usiku inabaki na kamwanga hafifu ka kijivu kama kimulimuli anayekaribia kufa. Dogo ndo analala huko, anasema ameshazoea, inamsaidia kuona simu.

Babu akauliza hiyo globu imeshabadilishwa mara ngapi. Dogo akasema nyingi tu, mi mwenyewe nabadilisha, nazima swichi napanda stuli. Babu akamwangalia muda.

Tukapima kwenye holda swichi ikiwa imezimwa, mita ikasoma 231. Yaani taa imezimwa na holda ina moto kamili. Swichi imewekwa kwenye nyutro. Taa inazimika kweli maana njia ya kurudi imekatwa, lakini laivu imekaa pale juu masaa yote inasubiri kidole, na ule mwanga hafifu ni umeme kidogo unaovuja kupitia globu. LED inahitaji kitu kidogo sana kuonyesha, globu za zamani zisingewaka hata, kwa hiyo kosa lilikuwepo toka 2009 na hakuna aliyelijua mpaka tulipobadili globu. Si kila LED inayobaki na mwanga ina kosa hili, babu anasema swichi zenye kataa ndani nazo zinafanya hivyo, na waya mrefu unaotembea sambamba na mwingine pia. Ila ukiiona, pima, usizoee.

Kurekebisha ilibidi tupande darini maana kosa liko kwenye maunganisho ya juu. Saa saba mchana chini ya bati, aisee. Tulikuta kahawia imeunganishwa moja kwa moja na taa, bluu ndo imeteremka kwenye swichi, maunganisho yamesokotwa na kuzungushiwa tepu ambayo gundi imeyeyuka inashika vidole kama asali. Fundi alijua rangi, hazikuchanganywa kwa bahati mbaya, alichanganya kazi yenyewe. Tumegeuza, tumeweka konekta za skrubu ndani ya boksi lenye kifuniko. Kupima: swichi imezimwa, holda 0. Imewashwa, 230. Kimulimuli kimekufa, dogo analalamika giza.

Jumamosi, 12 Julai

Swichi zilizobaki zote zimekwisha, hamna cha kusimulia, vijidudu na skrubu zilizolegea. Ya jikoni ilikuwa na mafuta mpaka ndani.

Nikadhani ndo mwisho wa shajara. Tunakunywa chai mama akasema, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, "sa na friji mtatengeneza lini lile linalotekenya?"

Linatekenya vipi mama.

"Usiku. Ukiligusa bila viatu linakutekenya vidole. Mchana halina neno."

Kumbe zile kandambili zilizokaa pembeni ya friji miaka yote ndo kazi yake hiyo. Mi nilidhani ni za kuogea zimepotea njia. Ana kandambili maalum za kufungulia friji na hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu friji linagandisha.

Babu akaacha chai. Akachukua mita, ncha moja kwenye mwili wa friji pale rangi imetoka, nyingine kwenye msumari tuliouchomeka kwenye udongo uliolowana nje ya mlango wa jikoni. Volti 1 na kitu. Akachomoa friji, akapima lenyewe, ni zima. Akafungua soketi, athi imeunganishwa. Akasema mchana kweli halina neno, na mi siamini majini, kwa hiyo kuna kitu usiku. Akaondoka na hilo kichwani.

Alichoagiza: ninunue RCCB ya ampea 63, miliampea 30, hii nyumba haina. Breka tulizonazo zinalinda waya usiungue, mtu hazimlindi. RCCB inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, vikipishana kwa miliampea 30 au pungufu kidogo inakata. Bajeti yangu ya swichi saba imekufa rasmi leo. Na mama kaambiwa kandambili asivue kwa sasa.

Jumapili, 13 Julai

Hamna kazi. Nimesoma lebo za nyuma za vifaa vyote ndani ya nyumba kama mwendawazimu.

Jumamosi, 19 Julai

Babu amefunga RCCB mwenyewe, sisi tumeshika tochi. Kitu kimoja alichotuonyesha: meini swichi ikiwa imezimwa, zile skrubu za upande unaotoka kwenye mita bado zina moto, hiyo huwezi kuizima ukiwa ndani ya nyumba. Alizifunika kwanza ndo akaanza. Dogo alikuwa anaegemea mlango wa ubao, akaambiwa asogee mpaka kwenye kochi.

Mchana wote safi. Kitufe cha T ukibonyeza inakata, tak. Nikafurahi nikasema athi yetu nzima, babu akanikata, "binti, hicho kitufe kinaipima breka yenyewe. Hata ukiwa huna athi kabisa kitakata."

Saa moja kasoro jioni, giza linaingia, mama akaenda mlangoni akawasha taa ya nje kama kila siku.

Tak. Nyumba nzima giza.

Tukarudisha, ikakubali. Mama akawasha tena. Tak. Babu alikuwa ameshafika kwake, nikampigia, nikasema babu ni taa ya nje. Akanyamaza kidogo akasema, "na hiyo taa mnawasha usiku tu." Nikasisimka mwili.

Jumapili, 20 Julai

Babu alikuja saa mbili kabla hata hatujanywa chai.

Taa ya nje iko juu ya mlango wa mbele. Tukazima, tukapima, tukafungua holda. Ndani kuna waya mwekundu na waya wa kijani. Mweusi hayupo. Wa kijani, yaani athi, ndo umefungwa mahali pa nyutro.

Kwa hiyo taa hiyo ilikuwa inarudisha umeme wake kupitia waya wa athi wa nyumba nzima, mpaka kwenye nondo iliyochimbiwa nje, mpaka ardhini. Na friji nalo limefungwa kwenye waya huohuo. Babu akachukua bahasha ya michango ya harusi akapiga hesabu nyuma yake: LED ya wati 9 gawanya kwa 230 ni kama miliampea 39, na hizi za bei rahisi huwa zinavuta zaidi ya hapo, RCCB lazima ikate. Sa hiyo miliampea 39 ikipita kwenye athi nzuri hamna anayejua, lakini kama nondo yenu haijakaa vizuri, kila kitu cha chuma ndani ya nyumba kinapanda volti taa ikiwaka.

Dogo akauliza je waya wa nondo ungekatika. Babu akajibu taratibu, basi taa isingewaka, na umeme uliokosa njia ungekaa kwenye mwili wa friji unamsubiri mama yako mkubwa. Mama alikuwa anapita na ungo wa mchele, akasimama.

Akakumbuka na yeye. Taa ile zamani ilikuwa na globu ya wati 60, kabla ya friji, na baba alikuwa anasema taa hii inapenda mvua. Masika inawaka vizuri, kiangazi inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Tulikuwa tunacheka, tunasema taa ya Kisukuma inasubiri mvua ilime. Udongo ukilowa nondo inashika, ukikauka haishiki. Iliongea miaka yote hiyo taa.

Mweusi uko wapi basi? Tukaufuata kutoka darini, unashuka ndani ya lipu ya ukuta wa sebule, unakwenda kutokea nje. Mita ikaonyesha umekatika katikati. Katikati pana picha ya harusi ya baba na mama, ile kubwa ya fremu ya dhahabu. Babu akaishusha kwa mikono miwili, akaupima msumari, akafuata mstari kwa jicho mpaka darini. Msumari umepita kwenye kebo, umekata mweusi peke yake.

Mama akakaa. "Wiki ile tulivyotundika picha, taa ilikataa. Baba yenu akaita kijana. Dakika kumi tu ikawaka, tukamshukuru na soda."

Sijui nimchukie huyo kijana au vipi. Alipima akakuta nyutro haina njia, kutoboa lipu ni kazi ya siku, waya wa kijani upo hapo hapo hauna kazi ya kuonekana, akaushika. Na sote tukasema si inawaka.

Leo tumeondoa kijani kwenye holda, taa ya nje imefungwa mpaka tupate njia mpya. RCCB imekaa jioni yote. Mama kaenda kwenye friji saa tatu usiku na kandambili, akatoa mguu mmoja, akagusa na mgongo wa mkono (ndo alivyofundishwa leo), akarudisha mguu. Kimya. Nikamuuliza. "Halijanitekenya, lakini taa ya nje nayo haijawaka."

Sawa mama.

Jumamosi, 26 Julai

Waya mpya wa taa ya nje hatukuupitisha kwenye lipu tena, umepita kwenye tranki nyeupe (kile kimfereji cha plastiki cha waya) juu ya ukuta, nyekundu nyeusi na kijani kamili, kila mmoja kwenye kazi yake. Haipendezi sana ila mtu akitaka kupiga msumari ataiona. Picha ya harusi imehamia ukuta wa pili, tulipima ukuta kwanza.

Taa imewaka, RCCB imetulia.

Alafu nondo ya athi. Iko nyuma ya choo, kichwa kimezibwa na saruji, tumevunja na nyundo. Dogo alishika akavuta kwa majaribio na ikatoka yote mkononi, kama mtu anayeng'oa karoti. Urefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, ncha imekunjika pembeni. Fundi alipiga akakutana na jiwe, akakata kilichobaki, akasaruji juu ionekane imezama. Hapa Kitangiri jiwe ni jiwe, lakini angesema.

Babu hakutaka tuitupe kabla ya kupima. Aliirudisha, akamwagia maji, akachukua mita yake ya athi yenye vijiti viwili vya kuchomeka mbali mbali. Kuvichomeka vyenyewe ilikuwa vita, kila mahali ni jiwe, kimoja kimeenda mpaka uwanja wa jirani kwenye viazi vyake. Ikasoma ohmu 620 (ndo kipimo cha ardhi inavyozuia umeme, namba ikiwa ndogo ndo nzuri). Mara ampea 0.039 ile ya taa, volti 24. Ndo kutekenya kwa mama, hata jini halihitajiki.

Ijumaa, 8 Agosti (Nanenane)

Tumechimba. Si kushuka chini, haiwezekani, tumechimba mtaro wa kushuka na mteremko kwenda kwenye migomba pale maji ya bafuni yanapoishia, udongo wa huko unalowa hata Agosti. Kina kama sentimita 75 na pengine tulipokutana na jiwe tumelizunguka, vijana wawili wa mtaani na dogo, kutwa nzima. Nondo mbili, moja imelala kwa pembe inafuata ufa kati ya mawe mawili, nyingine mita kama tatu mbele yake, zimeunganishwa na waya mtupu wa kopa uliolazwa mtaroni. Jirani mmoja alisisitiza tuweke chumvi gunia. Babu akakataa, chumvi inakula nondo na mvua inaiondoa, baada ya miaka michache huna chumvi na huna nondo. Tumerudishia udongo mwekundu wa chini uliochambuliwa mawe.

Imesoma 85.

Dogo akauliza hiyo si inatosha breka ya kawaida ikate. Babu akampa kalamu apige mwenyewe: 230 gawanya kwa 85, ampea 2.7. Hata breka ya taa ni ya ampea 10. Haitajua hata kama kuna kitu, friji lingekaa na moto mpaka asubuhi. Ndo maana kwenye mawe huwezi kuishi bila RCCB, hata uchimbe vipi. Kwa miliampea 30 na ohmu 85, mwili wa friji hauwezi kukaa na zaidi ya kama volti mbili na nusu bila RCCB kukata.

Gharama: swichi saba zilikuwa kitu kidogo, mtaro na RCCB na nondo ndo vimekula. Babu amekataa hela, amechukua sato wawili wakubwa na kaomba ile nondo fupi, anasema ataitundika kibarazani kwake awaonyeshe vijana.

Kiporo: swichi ya stoo nilisahau kununua, na karatasi ya majina ya breka kwenye mlango wa ubao, sasa hivi imeandikwa kwa peni ya dogo na "chumba cha uani" kimeandikwa "kwangu".

Saa mbili usiku, taa ya nje inawaka, ardhi kavu kabisa, mwanga mweupe umetulia. Mama kaenda kutoa maziwa. Kavaa kandambili.